Gazeti Lililowafundisha Wasomaji Wake Kuondoka

Nilikutana na gazeti la Forverts kwa njia ambayo haitanipa sifa mbele ya walimu wangu wa zamani. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza nje ya chuo. Karo ilikuwa imenishinda, nilikuwa nalala kwa binamu yangu Kahawa West, na kazi niliyokuwa nayo ni ile ambayo vijana wengi wa rika langu wameifanya na hakuna anayeitaja akiomba kazi nyingine: kuandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Oda iliingia saa tano usiku. Kurasa nane kuhusu magazeti ya lugha za kigeni katika jamii za wahamiaji, iwe na mfano mmoja wa kina, iwe tayari kesho saa nane mchana. Dola nne kwa ukurasa. Nikachemsha maji ya kahawa, nikaanza kutafuta.

Insha nilimaliza. Ilirudishwa na maoni kwamba Kiingereza changu kinasikika kama cha mgeni, wakanikata theluthi ya malipo. Nilicheka peke yangu kitandani, kwa sababu usiku mzima nilikuwa nimesoma barua za watu waliochekwa New York kwa kosa hilo hilo. Pesa ziliisha wiki ile ile. Gazeti halikunitoka kichwani, na hii sasa ni miaka mitatu.

Kabla ya usiku ule nilidhani gazeti la lugha ya kigeni ni kitu cha wazee wakaidi, wale wanaohamia mahali na kukataa kujifunza lugha ya hapo. Kumbe mambo ni ya zamani kuliko Marekani yenyewe. Benjamin Franklin, yule wa kwenye noti ya dola mia, alichapisha gazeti la Kijerumani mjini Philadelphia mwaka 1732, likafa haraka. Na tarehe 5 Julai 1776 gazeti jingine la Kijerumani, Pennsylvanischer Staatsbote, ndilo lililotangulia kutangaza kwamba Azimio la Uhuru limepitishwa. Kuna mkulima wa Pennsylvania aliyepata habari ya kuzaliwa kwa taifa lile kwa Kijerumani, jirani yake anayesoma Kiingereza akiwa bado hajui kitu. Hilo huwa halisemwi sana na wale wanaotaka kila mtu aongee Kiingereza kwenye foleni ya supamaketi.

Lakini Forverts ni hadithi nyingine. Lilianzishwa New York tarehe 22 Aprili 1897 na Wayahudi wasoshalisti waliotoka Urusi na nchi za karibu nayo, wakaandika kwa Kiyidi, lugha ambayo mifupa yake ni Kijerumani, damu yake ina Kiebrania na Kislavoni, na inaandikwa kwa herufi za Kiebrania. Wasomaji walikuwa watu wa Lower East Side: washonaji, wachuuzi wa mikokoteni, wasichana wa viwandani, familia za watu wanane kwenye vyumba viwili pamoja na mpangaji analala jikoni. Kama umewahi kuishi Pipeline, hutahitaji picha. Kufikia miaka ya 1920 gazeti hili lilikuwa linauza nakala zaidi ya 200,000 kwa siku, lina toleo la Chicago na la miji mingine, na linamiliki jengo la orofa kumi pale East Broadway, lililokamilika mwaka 1912, lenye sura za Marx na Engels zimechongwa ukutani. Leo jengo hilo ni makazi ya watu wenye pesa zao. Marx bado yuko juu ya mlango.

Mtu aliyelifanya kuwa vile ni Abraham Cahan. Alizaliwa mwaka 1860 karibu na mji wa Vilna, akafika Marekani mwaka 1882 akikimbia polisi wa mfalme wa Urusi. Alijifunza Kiingereza hadi akaandika riwaya kwa lugha hiyo. Ile ya mwaka 1917, The Rise of David Levinsky, bado inasomwa. Kabla ya kushika usukani wa Forverts kwa nguvu mwaka 1903 alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye gazeti la Kiingereza la New York, na huko aliona kitu ambacho wenzake wasoshalisti hawakutaka kukiona. Watu wanasoma habari za watu. Mwenye nyumba, mpenzi, mama mkwe, mtoto asiyesikia. Ukitaka mshonaji asome ukurasa wako kuhusu mgomo, kwanza mpe sababu ya kununua gazeti.

Basi mwaka 1903 baba mmoja aliandika akilalamika kuhusu mchezo wa besiboli: watu wazima wanakimbia mduara wakifukuza mpira, na mtoto wake anautaka. Cahan akajibu kwamba mwache mtoto acheze, asikue mgeni katika nchi yake. Miaka sita baadaye, Agosti 1909, gazeti likachapisha makala ndefu ya kueleza besiboli kwa watu wasiojua michezo, pamoja na mchoro wa uwanja. Gazeti la kisoshalisti, kwa Kiyidi, linaeleza besi ya pili iko wapi. Kuna waliomcheka, na wasomi waliona aibu. Mimi naona ni mojawapo ya mambo ya heshima zaidi ambayo gazeti linaweza kumfanyia msomaji wake, kumweleza bila kumdharau kitu ambacho kila mtu kazini anajifanya amekijua tangu kuzaliwa.

Ila kitu kilichonikamata hasa ni safu ya barua. Ilianza Januari 1906, ikaitwa Bintel Brief, yaani fungu la barua. Wasomaji waliandika shida zao na mhariri akajibu. Wasiojua kuandika walikuja ofisini wakaandikiwa. Mojawapo ya barua za mwanzo kabisa ilitoka kwa mama ambaye saa ya mwanawe ilipotea, naye anaamini jirani yake ndiye aliyeichukua akaiweka rehani. Hamlaani. Anamwomba, kupitia gazeti, atume tu ile risiti ya rehani kwa posta, na urafiki utaendelea. Nilisoma hiyo barua nikakumbuka ploti yetu ya Kayole na kesi ya mtungi wa gesi, ambayo sitaieleza hapa kwa sababu wahusika wako hai na wana simu.

Barua nyingine: kijana anataka kuoa lakini mchumba wake ana kishimo kidevuni, na watu wamemwambia mwenye kishimo kidevuni hufiwa na mume wa kwanza. Afanyeje? Jibu la mhariri lilikuwa fupi na kali, kwamba kilicho na kasoro hapo si kidevu, ni vichwa vya watu wanaoamini mambo hayo. Mwanamke wa mwaka 1910 anaandika kwamba mumewe hataki aende shule ya usiku, mara mbili tu kwa wiki. Mhariri anamkaripia mume na kusema mke ana haki kamili. Kisha ukurasa unaofuata mwanamke mwingine, mwenye mateso makubwa zaidi, anaambiwa avumilie kwa ajili ya watoto. Usitafute msimamo mmoja. Mhariri alikuwa mjomba, na wajomba huamka vibaya siku nyingine.

Halafu kuna picha za wanaume waliopotea. Uhamiaji uliwapa wanaume wengi nafasi ya kuacha mke na watoto, kuhamia Chicago au Cleveland na kuanza upya kama kapera. Forverts lilichapisha nyuso zao, safu kwa safu, pamoja na majina, ili yeyote anayemjua aseme yuko wapi. Wakenya wa umri wangu watakumbuka lile kundi la Facebook la mwaka 2014 lililowaanika baba waliotoroka malezi, jinsi nchi nzima ilivyogawanyika kati ya waliopiga makofi na waliosema ni ukatili. Tulidhani tumevumbua kitu. Tofauti iliyopo inanisumbua: nyuma ya ukurasa ule wa New York kulikuwa na ofisi maalumu ya mashirika ya hisani, iliyofuatilia mwanaume hadi alipe. Sisi tulikuwa na maoni tu chini ya picha.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu, maana niliahidi mhariri wa hapa uhakiki, siyo somo la historia.

Wengi wetu tunaozijua barua hizi tumezisoma katika kitabu A Bintel Brief, kilichohaririwa na Isaac Metzker, mwandishi wa gazeti lenyewe, na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1971. Ni kitabu kizuri. Nimekisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye matatu iliyokwama Githurai nikapitiliza kituo changu. Lakini kina tatizo moja ambalo utangulizi hauwezi kulitibu, nalo ni kwamba kila mtu humo anaongea Kiingereza safi. Mshonaji, mjane, kahaba anayetubu, baba mwenye duka, wote wanaandika kama wamemaliza sekondari pamoja. Majibu mengi ya mhariri nayo yamefupishwa yakawa sentensi mbili tatu, kwa hiyo tunapata shida kwa urefu na mjomba kwa muhtasari.

Kiyidi cha Forverts hakikuwa safi hata kidogo. Cahan alitaka gazeti liandikwe kama watu wanavyoongea, na watu wa Lower East Side walikuwa wanaongea Kiyidi kilichokunywa Kiingereza kikalewa. Dirisha lilikuwa vinde. Mwajiri alikuwa bos. Jirani wa kike wa mlango wa pili alikuwa nekstdorike, neno moja, Kiingereza kilichovishwa mkia wa Kiyidi. Mtu aliyepata pesa juzi akaanza kujisikia aliitwa olraytnik, yaani yule ambaye mambo yake yako sawa na anataka ujue. H. L. Mencken, mwandishi wa kitabu kikubwa kuhusu Kiingereza cha Marekani, alikusanya maneno kama haya kwa furaha ya mtoto anayeokota vizibo vya soda.

Fikiria sasa nini kinatokea ukitafsiri sentensi yenye vinde na bos kwa Kiingereza. Maneno yale yanarudi nyumbani. Yanavua koti na kukaa kitini kana kwamba hayakuwahi kutoka. Msomaji wa tafsiri haoni kwamba hapo palikuwa na mtu aliyeokota neno kiwandani jana, akalikunja likaingia mfukoni mwake. Ukitafsiri kwa Kifaransa au kwa Kiswahili unaweza angalau kuliacha lilivyo, lionekane geni. Kwa Kiingereza huwezi. Lugha iliyokopesha ndiyo lugha pekee ambayo mkopo hauonekani ndani yake.

Sisi tunalijua hili kwa uchungu. Chukua sentensi ambayo nimeitumia mwenyewe, tena zaidi ya mara moja: landilodi ameniloki nje. Ndani yake kuna mtaa mzima, kufuli la Kichina na godoro kwenye koridoo. Mpe mtafsiri wa Kiingereza na itatoka sentensi ambayo wakili angeweza kuisoma kortini bila kukohoa. Sijui utaifanyaje, na simlaumu Metzker kwa kushindwa na kitu ambacho huenda hakiwezekani. Ninachomlaumu, na hapa niko tayari kubishana na yeyote, ni kwamba kitabu hakikuambii. Hakuna barua hata moja iliyoachwa na mabaka yake ili msomaji aone. Wajukuu walioinunua mwaka 1971 walipewa bibi zao wakiwa wameogeshwa.

Na kulikuwa na watu wakati ule ule waliotaka kuwaogesha bibi wakiwa hai. Wapenzi wa Kiyidi safi walimwona Cahan kama mharibifu. Gazeti shindani la Der Tog, lililoanza mwaka 1914, lilijivunia lugha ya wasomi. Taasisi ya YIVO, iliyoanzishwa Vilna mwaka 1925, ilitengeneza sheria za tahajia katika miaka ya 1930, na Forverts likazipuuza kwa miongo mingi, likaendelea kuandika lilivyozoea. Jina lenyewe la gazeti liliwakera watu hawa kwa sababu ni Kijerumani kitupu, limechukuliwa kutoka gazeti la wasoshalisti wa Berlin. Mjadala ule ukiusoma unaweza kubadilisha majina ukaufanya wa Nairobi: upande mmoja wenye Kiswahili sanifu na kamusi zao, upande wa pili wenye Sheng na idadi ya wasomaji.

Nitasema ukweli, sikuwa upande mmoja nilipoanza. Nimesomeshwa na mwalimu wa Kiswahili aliyetuchapa kwa kusema "nimeshow". Nampenda hadi leo na ndiye sababu ninaandika. Na wanaomshtaki Cahan wana hoja nzito: kila neno la Kiingereza lililoingia Forverts lilikuwa ngazi moja chini kuelekea mlangoni. Msomaji akishajua bos, vinde, besiboli, uraia na namna ya kupiga kura, anahitaji Kiyidi cha nini? Watoto wake watasoma magazeti ya Kiingereza. Gazeti lilifanya kazi yake vizuri mno, likawa kama mwalimu wa kuogelea ambaye hapati mwanafunzi yule yule mara mbili.

Hoja hii ina mzee wake, naye alikuwa anaisema kwa furaha. Robert Park, mwanasosholojia wa Chicago aliyewahi kuwa mwanahabari, alitoa mwaka 1922 kitabu The Immigrant Press and Its Control. Park alikuwa mtu wa kusikiliza. Alisoma magazeti haya kwa makini kuliko Wamarekani wengi wa wakati wake, na alimheshimu Cahan. Wakati wengine wanataka magazeti ya kigeni yafungwe, yeye alisema hapana, yaacheni, maana ndiyo yanayomfundisha mhamiaji kuishi hapa. Ni utetezi. Lakini soma tena neno la mwisho la jina la kitabu. Ni usimamizi, ni hatamu. Kitabu kilikuwa sehemu ya mfululizo wa utafiti kuhusu namna ya kuwageuza wageni kuwa Wamarekani, na sehemu ya mwisho inahusu jinsi ya kuyaongoza magazeti hayo yafanye kazi hiyo. Park anamtetea mgeni kwa sababu mgeni anaelekea kwisha.

Na tusisahau hali aliyokuwa anaandikia. Oktoba 1917, Marekani ikiwa vitani, sheria ililazimisha kila gazeti la lugha ya kigeni kupeleka kwa mkuu wa posta tafsiri ya Kiingereza ya kila kilichoandikwa kuhusu serikali au vita, hadi lipewe kibali. Fikiria gharama ya hilo kwa kijigazeti cha kurasa nne. Forverts, lililokuwa linapinga vita, lilitishiwa kunyang'anywa nafasi ya posta ya bei nafuu, na Cahan akalegeza msimamo ili gazeti liishi. Magazeti ya Kijerumani, ambayo yalikuwa zaidi ya 500 mwaka 1910, yalikuwa chini ya nusu ya hapo kufikia 1920. Haya hayakufa kwa sababu wasomaji walijua kuogelea. Yalizamishwa.

Ndiyo maana siwezi kukubali ile simulizi laini kwamba Cahan alichimba kaburi la gazeti lake kwa maneno ya mkopo. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya mgawo: kila nchi ipewe nafasi asilimia 2 ya watu wake waliokuwepo Marekani mwaka 1890, yaani kabla Wayahudi wengi wa Ulaya Mashariki hawajafika. Mlango ukafungwa. Gazeti la wahamiaji linaishi kwa wanaoshuka melini leo. Waliofika jana tayari wanaondoka. Kisha Wanazi wakaua Ulaya ile ambako wasomaji wapya wangetoka, mamilioni ya wasemaji wa Kiyidi. Ukiniambia baada ya hapo kwamba lugha iliuawa na vinde, nitakuomba uhesabu upya.

Na bado gazeti liliendelea. Isaac Bashevis Singer alifika New York mwaka 1935, akaandika humo maisha yake yote, riwaya zikitoka kwa vipande kwenye karatasi ya gazeti kabla hazijatokea kwa Kiingereza. Mwaka 1978 alipopewa Tuzo ya Nobel alisema sehemu ya hotuba yake kwa Kiyidi mbele ya Waswidi. Mwaka 1983 Forverts likawa la kila wiki. Mwaka 1990 likazaa gazeti dada la Kiingereza. Mwaka 2019 karatasi ilikoma kabisa, na Kiyidi kikabaki mtandaoni, ambako hadi leo kuna watu wanaandika, na wengine wao ni vijana ambao hawakukipata nyumbani.

Ninapomsoma Park nikiwa hapa, kuna swali lingine linanikera. Hesabu yake inataka pande mbili, mgeni na mwenyeji. Mgeni anasoma gazeti lake, gazeti linamsogeza, siku moja anakuwa mwenyeji. Sasa chukua Nairobi ya mwaka 1933, G. L. Vidyarthi anapoanzisha Colonial Times, gazeti la Kiingereza na Kigujarati kwa ajili ya Wahindi wa hapa. Msomaji wake ni mgeni, haya. Lakini asogee kwa nani? Mwenye serikali ni Mwingereza ambaye naye ni mgeni, na hataki Mhindi asogee hata kwenye nyanda za juu. Mwenye nchi hana sauti bungeni. Hesabu ya Park inagoma. Vidyarthi alitoa pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia, na katika miaka ya 1940 alifungwa kwa mashtaka ya uchochezi. Yaani mashine ya gazeti la wahamiaji iligeuka ikawasemea watu ambao haikuwa lugha yao iliyoinunua. Park asingekuwa na sura ya kitabu ya kuliweka hilo.

Mwaka jana nilipita Ngara kutafuta kitambaa cha mto, nikaingia duka la mzee mmoja wa Kigujarati ambaye huwa ananipunguzia bei nikimsalimia vizuri. Nikamuuliza kama anaikumbuka Colonial Times.

"Babu yangu alikuwa anaisoma," akasema. "Kwa sauti. Anakaa hapo kwa ngazi, wengine wanasikiliza. Habari moja, chai moja."

"Na wewe mzee, unasoma Kigujarati?"

"Naongea. Kusoma?" Akapima kitambaa mita moja, akaongeza kidogo juu. "Nasoma jina ya duka. Nasoma ile ya hekalu. Barua ya babu iko nyumbani kwa sanduku, siwezi. Kijana, wewe unaandika gazeti? Andika bei ya pamba imepanda."

Nimeiandika.

Ninalo deni moja zaidi. Shangazi yangu yuko Massachusetts mwaka wa kumi na moja, anatunza wazee, na watoto wake wawili wanaelewa Kiswahili cha kuamrishwa tu: kula, njoo, zima. Ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la babake. Baada ya kumsimulia kwa simu habari za Cahan, muda wote wa zamu yake ya usiku, aliniambia, "Baba, si uwaandikie hawa kitu. Usitie Kiswahili cha kitabu, watakimbia. Changanya-changanya, waone wanaweza." Nikaandika ukurasa mmoja kuhusu kijana, kondakta na kuku aliyetoroka kwenye matatu. Niliweka maneno ya mkopo mengi makusudi, kama mawe ya kukanyagia mtoni. Besiboli yangu.

Mkubwa, ana miaka tisa, alijirekodi akisoma akanitumia. Alipita kuku, akapita makanga, akapita hata "amechachamaa" baada ya kujaribu mara tatu. Kisha akafika kwenye landilodi na kunyamaza. Nasikia shangazi nyuma akiosha vyombo. "Mum," mtoto akauliza kwa Kiingereza, "landilodi ni mnyama gani?"